Mfupa Usiopewa Mzigo

Nesi Kerubo alinishika mkono mlangoni pa kanisa wiki ile niliyorudisha kadi yangu ya kazi. "Mzee Barasa," akasema, "usituondokee na vitu vyote kichwani. Tuandikie. Hawa watoto wetu wanaoanza kazi hospitalini hawana wa kuwaambia." Nikamjibu kwamba nikianza kuandika, karatasi zitakwisha jimbo zima la New South Wales. Akasema, "Basi anza na moja." Ndiyo hii. Ikiwachosha, mlaumuni yeye.

Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mshahara nao ulinipita kama treni ya haraka inavyoipita stesheni yetu ya Doonside: unaona madirisha tu. Nitawaambia habari za chumba kimoja, mashine moja, nyonga za watu, na mama mmoja wa mtaa wa Granville ambaye watoto wake walimpenda mpaka mfupa wake ukaanza kukonda.

Nilianza kwa kusukuma vitanda. Hospitali yenyewe iko magharibi ya Sydney, na korido zake ni ndefu hivi kwamba mtu aliyevunjika mguu angeweza kufika eksirei akiwa amepona. Nilisukuma watu wa kila taifa na kuzungumza nao wote, maana mdomo wangu haukuumbwa na breki. Siku moja nilimfikisha bibi mmoja kwenye chumba cha mwisho cha chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Badala ya kuondoka nikachungulia skrini. Nikaona fupa la paja lake, na ndani yake kipande kirefu cha chuma kimesimama kama mwiko uliosahauliwa kwenye ugali. Nikasema kwa sauti, "Mama yangu!"

Mwanamke aliyekaa kwenye kompyuta hakugeuka. "Ukitaka kuangalia, funga mlango," alisema. "Usipotaka, ufunge ukiwa nje."

Niliufunga nikiwa ndani, na nikakaa humo karibu maisha yangu yote.

Huyo alikuwa Dimitra, Mgiriki aliyezaliwa hapahapa, mfupi, mwenye miwani mbili: moja machoni na nyingine kichwani, na hiyo ya kichwani ndiyo aliyokuwa akiitafuta kila siku. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa madini kwenye mifupa, hasa kwa watu waliowekewa nyonga za bandia. Jina Barasa aliliona refu, akanibatiza Bazza, na tangu hapo jengo zima likaniita hivyo. Nilimwendea kila nilipopata nafasi na kuuliza maswali, mpaka akachoka. "Bazza," akasema, "ama uende shule ama uniache nipumue."

Nikaenda shule. Mchana nilisukuma vitanda, jioni nikapanda treni kwenda chuo cha ufundi Campbelltown, safari ambayo wana wa Israeli wangeikataa. Darasani nilikuwa mzee kuliko wote, mwalimu akiwemo. Nekesa, mke wangu, alinifungia chapati na kunde kwenye bakuli, na mwisho wa wiki aliniuliza maswali ya mionzi huku akikoroga mboga. Alikuwa anasoma kwenye karatasi zangu bila kuelewa neno, lakini nikikosea alijua kwa kuangalia uso wangu tu. Nasema hivi: kile cheti ni chake nusu, na nusu iliyo nzito.

Siku yangu ya kwanza kama mpimaji nilivaa tai. Dimitra aliitazama, akasema itaingia kwenye mashine, akanikabidhi bonge la plastiki ngumu lenye pingili za mgongo wa kuigiza ndani yake. "Huyu ndiye mgonjwa wako wa kwanza, kila asubuhi," akasema. "Mpime kabla hujampima mtu yeyote. Jibu lake likibadilika, si yeye aliyeugua. Ni mashine." Nilimpa jina Mzee Kazimoto. Kila asubuhi nilimlaza mezani, nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikampima. Hakupungua wala kuongezeka hata chembe. Sijaona mwanadamu mwenye msimamo kama ule.

Baada ya hapo akanifundisha mguu. Mgonjwa analala chali, mguu unanyooshwa, unyayo unageuzwa kidogo kwa ndani na kufungwa kwa mkanda kwenye kifaa cha pembetatu. Hapo ndipo kazi yote ilipo, vijana wangu. Mashine ina bei ya nyumba nzima mtaa wa Parramatta, lakini mkanda ule wa unyayo ndio bosi wake. Unyayo ukigeuka leo tofauti na ulivyogeuka mwaka jana, utasema mfupa umekonda kumbe ni mguu tu umelala vibaya. Dimitra alinionyesha kinundu kidogo kilicho upande wa ndani wa fupa la paja. "Weka picha ya zamani karibu na ya leo. Kinundu kikionekana kwa ukubwa uleule, mguu umelala sawa. Kisipoonekana hivyo, fungua mkanda, omba radhi, anza upya." Mimi nimeomba radhi kwa nyayo nyingi kuliko kasisi anayeosha miguu Alhamisi Kuu.

Nieleze na hicho tunachokitafuta, maana Kerubo amesema niandike mtu yeyote aelewe. Mtu akiwekewa nyonga ya bandia, kile chuma hushindiliwa ndani ya fupa la paja. Chuma ni kigumu. Uzito wa mwili, ambao zamani ulishuka kwenye mfupa kuanzia juu, sasa unapita ndani ya chuma na kutokea chini. Mfupa wa juu, hasa ule wa upande wa ndani, unabaki umesimama bila kazi, kama mtu aliyekuja matangani akakuta kila kitu kimeshabebwa. Na mfupa usio na kazi mwili hauulishi. Unakonda. Mwaka wa kwanza tunalitarajia hilo kwa kila mtu, kisha mfupa unazoea na kutulia. Usipotulia ndipo daktari huanza kukosa usingizi, kwa sababu chuma kikikosa kuta kinaweza kulegea.

Dimitra alisema kwa ufupi zaidi: "Mfupa ni kama mfanyakazi. Usipompa kazi, anaacha kuja."

Nilipenda kazi ile kwa sababu ya watu. Bibi mmoja wa pwani ya kwetu, mcha Mungu wa kupigiwa mfano, alitoa picha yenye nukta zilizopangana kuizunguka nyonga kama taa za Krismasi. Dimitra alikuwa ameshainua simu amwite fundi. Nikainama nikamnong'oneza mgonjwa, "Bibi, kuna kitu umevaa kiunoni?" Akaniuliza, "Barasa, wewe ni sawa na mwanangu?" Nikasema ndiyo. "Basi geuka ukutani." Nikasikia shanga zikianguka kwenye trei, nyingi hivi kwamba nilidhani dari limepasuka. Tangu siku hiyo, mama yeyote wa kwetu akija, Dimitra aliniachia mimi niulize. Fomu ya hospitali inauliza vipuli, saa, mkanda na zipu. Aliyeiandika hakuwahi kuoa kwetu.

Miaka ikaenda. Simiyu, mwanetu, akakua akielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, kisha akapata kazi Perth akahama. Dimitra akastaafu, akamfuata binti yake Queensland. Siku ya mwisho aliniachia ile miwani yake ya kichwani, akisema huenda ikajitafuta yenyewe. Halafu Nekesa akafa. Moyo. Asubuhi alikuwa anagombana na redio, jioni hakuwepo.

Sitaandika mengi hapo. Nitasema tu kwamba mtu mcheshi akifiwa, watu humngojea aseme kitu cha kuchekesha ili nao wapate ruhusa ya kuondoka. Nilisema. Wakaondoka.

Ikabaki kazi. Kile chumba kilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kukiona, kwa sababu kipimo kinataka ukimya: nasema, "Usitikisike, usiongee," halafu mkono wa mashine unapita polepole juu ya mgonjwa, na mimi mwenye mdomo usio na breki nimekaa naangalia mifupa ikijichora mstari kwa mstari. Wagonjwa walikuja mmoja mmoja, wakalala, wakaamka, wakasema asante. Kulikuwa na siku ambazo mtu wa pekee niliyempa shikamoo alikuwa Mzee Kazimoto. Aliipokea vizuri, nikiwa mkweli. Hakuitikia lakini aliipokea.

Ndipo akaja Mama Espe.

Alitoka upande wa Kivu, akakaa kambini Uganda miaka mingi, akaletwa Sydney pamoja na watoto wake. Nyonga ya kulia ilikuwa imekwisha kabisa, ikabadilishwa. Mara ya kwanza alipokuja kwangu, siku chache baada ya upasuaji, aliitazama mashine kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Papa, hii mashini itaniuma?"

"Haiumi, mama. Hata haikugusi."

"Sasa inajua namna gani mambo ya ndani?"

"Inachungulia tu."

"Aa. Kama majirani."

Nilicheka mpaka ikabidi nifunge mkanda wa unyayo upya. Nilikuwa nimesahau kwamba mbavu zangu zinaweza kutikisika hivyo.

Alikuja na mwanawe mkubwa, Bahati, kijana mwenye mabega kama mlango wa stoo, anayepakia maboksi kwenye ghala moja. Bahati alisukuma kiti cha magurudumu, akabeba mkoba wa mama yake, kisha akamwinua mama mwenyewe mikononi na kumlaza mezani kama yai. Siku hiyo niliona ni sawa. Alikuwa ametoka kupasuliwa.

Mwaka ulipopita walirudi, na kiti kilekile, na mkoba uleule begani kwa Bahati, na mama akainuliwa vilevile. Mfupa ulikuwa umekonda upande wa ndani juu, lakini huo ulikuwa mwaka wa kwanza, na nimeshawaambia tunautarajia. Waliporudi tena mara iliyofuata, nikapima nikitegemea kuona umetulia. Haukutulia. Ulikuwa umeshuka tena. Nikaweka picha mbili pamoja: kinundu kilionekana kwa ukubwa uleule. Mguu umelala sawa. Nikampima Mzee Kazimoto mara ya pili siku hiyo. Naye alikuwa palepale. Nikarudi kwa mama nikapima paja la kushoto, ambalo halina chuma chochote. Nalo limekonda.

"Papa," Mama Espe akasema kutoka mezani, "uso yako imekuwa ndefu."

Sasa sikilizeni, maana hili litawapata. Mpimaji hasomi jibu. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri: jibu ni la daktari. Unaweza kuona nyumba inaungua kwenye skrini, lakini mgonjwa akikuuliza, unasema daktari atazungumza nawe. Nikasema hivyo. Nikasema kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili lilisikika baya zaidi.

Daktari wake alikuwa Nalini, mpasuaji mwembamba anayetembea kwa kasi kama amesikia chai imemwagika. Aliteremka mwenyewe hadi chumbani kwangu. "Bazza, picha ni safi?" Nikamwonyesha kinundu, nikamwonyesha Kazimoto, nikamwonyesha mguu wa pili. Alikaa kwenye kiti cha Dimitra. Vipimo vya damu vilikuwa vizuri, akasema, na dawa zilikuwa sawa. "Mguu mmoja ningelaumu chuma changu. Miguu miwili inaniambia kuna kitu nyumbani. Lakini kila nikiuliza kama anatembea, naambiwa anatembea vizuri sana."

Alikuwa ameshajaribu mkalimani wa simu, kijana wa Kiswahili kilichopigwa pasi. Yule kijana alikuwa ameuliza, "Je, bibi, unao uwezo wa kuhimili uzito?" Na Mama Espe, ambaye kwao mtu mwenye elimu hajibiwi hapana, alikuwa amejibu, "Ndiyo, docta, merci." Nalini alisema asante ile ilikuwa tamu mno kuwa jibu. "Mama akikubali," akaniambia, "njoo ukae nasi. Mimi nitauliza, wewe uongee naye kama mnavyoongea."

Mama alikubali. Tulikaa wanne ofisini: Nalini, mama, Bahati na mkoba begani, na mimi ambaye kwa mara ya kwanza nilikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo.

Nalini hakuficha. Mfupa ukiendelea hivi, alisema, chuma kitalegea au paja litavunjika pembeni yake, na atalazimika kupasuliwa tena. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Nikatafsiri. Mama Espe alishika kingo za kiti.

"Hapana," akasema. "Ile meza sitalala tena. Siku ile niliamka sijui niko inchi gani. Nilidhani tunakimbia tena."

Kisha nikamwuliza swali lisilo na mashine ndani yake. "Mama, asubuhi ukiamka unafanya nini?"

"Naamka."

"Halafu?"

"Naketi."

"Halafu?"

"Bahati analeta chai."

"Halafu?"

"Naketi tena."

"Nani anapika?"

"Mukamwana, muke ya mwanangu."

"Sokoni?"

"Batoto."

"Na kanisani?"

"Kanisa inakuja kwetu. Bamama banakuja, banaimba, banaosha vyombo, banaenda."

Bahati aliinua kichwa kwa fahari. "Mzee, hakuna kitu mama anakosa."

Nalini aliuliza kama kuna anachobeba, hata kidogo. Nilipotafsiri, fahari ya Bahati ikageuka kitu kingine. "Abebe nini?" akasema. "Mzee, mama alishabeba. Tulipotoka kwetu alibeba unga mgongoni, na kamba yake kwenye paji la uso, mdogo wangu amekaa juu ya unga, mimi nimeshika kitenge yake. Tulitembea mpaka viatu vikaisha. Siku tulifika hapa niliapa: huyu mama hatabeba kitu tena. Hata kikombe. Sasa munaniambia ni mimi ninamuvunja?"

Alikuwa amemtunza mama yake kuliko wana wote ninaowajua, wangu akiwemo, na mimi mwenyewe kwa mama yangu nikiwemo.

"Hapana," nikasema. "Hujamvunja. Niambie, pale ghalani siku ya kwanza ulibeba boksi ngapi?"

"Kidogo tu. Mgongo ilikataa."

"Na sasa?"

"Sasa nabeba kama forklift."

"Nani alikupa hayo mabega?"

"Maboksi."

"Mfupa nao ni hivyohivyo. Haujengwi na kupumzika. Unajengwa na kile unachobeba."

Kabla hajajibu, mama yake alimgusa goti. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini aliitoa mbali.

"Bahati. Miye nimepumzika mpaka nimechoka. Nilibeba weye, nikabeba bandugu yako, nikabeba mpaka maji ya bantu bengine kule kambini. Nilikuwa muntu. Sasa nimekuwa mugeni kwa nyumba yangu. Banawake banaosha sufuria yangu, miye naangalia. Hii chuma ya docta inabeba mguu, na weye unabeba mengine yote. Miye nabaki na nini?"

Bahati aliangalia sakafu. Halafu akateremsha mkoba kutoka begani mwake na kuuweka juu ya mapaja ya mama yake, polepole, kama anarudisha kitu cha thamani alichoazima.

Nalini hakuhitaji tafsiri. Alichukua simu akampigia mtu wa fizioterapia.

Walianza kidogokidogo, kwa fimbo, kisha bila fimbo, kisha na kikapu chenye vitu vyepesi. Nilisikia habari zake kwa wauguzi, kwa sababu hospitali ni kijiji chenye lifti. Nilisikia amewafukuza akina mama jikoni. Nilisikia ametembea kutoka kwake hadi stesheni ya Granville kuwaonyesha watu kwamba anaweza kurudi.

Kipimo kilichofuata aliingia kwa miguu yake, akichechemea kidogo, mkoba begani na mkononi ameshika bakuli la sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, lililofungwa kwa kitambaa. Bahati alikuwa nyuma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nilimlaza, nikafunga unyayo, nikakagua kinundu. Mkono wa mashine ulipita. Nikaangalia namba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Papa. Uso yako leo ni fupi."

"Daktari atazungumza nawe, mama," nikasema, na nikageuka ukutani kama siku ile ya shanga.

Msidhani mfupa ulirudi wote. Nazidisha mambo mengi, hilo silizidishi. Pale juu ndani, penye chuma, haukurudi. Ulisimama tu, ukaacha kushuka. Mguu wa pili ulipanda kidogo. Chuma kilikuwa imara. Nalini aliwaambia hakuna meza, hakuna kisu, tuonane mwakani, na Mama Espe aliimba kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Sombe niliila peke yangu nyumbani, nimesimama jikoni, moja kwa moja kutoka kwenye bakuli. Nekesa angenigombeza.

Kustaafu kulikuja na keki yenye jina Bazza. Kabla ya kuondoka nilimpima Mzee Kazimoto mara ya mwisho. Alikuwa yuleyule wa siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nimepungua kimo, nusu ya nywele na mke. Nikamkabidhi kwa kijana aliyechukua nafasi yangu, nikamwambia asisahau shikamoo. Alidhani ni mzaha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo sikuwa nimefundishwa. Simiyu aliposikia nimestaafu, alinipangia maisha kutoka Perth kwa upendo wote wa mwana mwema. Mboga na unga zinaletwa mlangoni. Kuna mtu wa kukata majani. Kuna kidude cha duara kinachofagia sakafu chenyewe na kunikwepa kama mgeni asiyejulikana. Jumapili ananipigia.

"Unahitaji chochote, Dad?"

"Sihitaji, mwanangu. Kila kitu kipo."

"All good then. Just rest, okay?"

Nikapumzika. Niliamka saa ileile ya kazi, nikavaa, nikakaa. Nikanywa chai, nikakaa tena. Kuna asubuhi nilikwenda stesheni ya Doonside kuwaangalia watu wakichelewa, kwa wivu. Nilisimulia vichekesho vyangu kwa kile kidude cha kufagia. Kikagonga mguu wa meza kikageuka. Nyumba nzima ilikuwa inabebwa na mtu mwingine, na mimi nimesimama ndani yake, na sikuwa nahitaji mashine ya bei ya Parramatta kujua kilichokuwa kinanipata.

Jumamosi moja nilipanda treni hadi Granville, bila sababu, ila kusikia tu watu wakipatana bei. Kwenye duka moja la vyakula vya kwetu nikasikia sauti nyuma yangu.

"Papa Barasa! Uko mugonjwa?"

Mama Espe, mkoba begani, akisimamia gunia la unga wa muhogo lililosimama karibu na kaunta kama askari.

"Siumwi, mama. Nimestaafu."

"Ndiyo nilisema. Ugonjwa." Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kama alivyoitazama ile mashine siku ya kwanza. "Nani anakupikia?"

"Mwanangu ananiletea kila kitu."

"Na weye unafanya nini?"

"Naketi," nikasema.

Mama Espe akaligusa lile gunia kwa ncha ya kiatu. "Bahati iko kazini. Hii ni ya harusi ya kanisa, na kwetu ni ngazi tupu, lifti imekufa. Sasa, Papa, unasimama tu? Beba."

"Mama, mimi ni mzee."

"Na miye? Niko na chuma ndani. Beba."

Nikaliinua. Lilikuwa zito kama ng'ombe wawili na mchungaji wao. Nilitembea nyuma yake barabarani, yeye akinisubiri kila kona na kunicheka, watu wakitupisha, na kwenye ngazi nilipumzika mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa. Juu akina mama walikuwa wamejaa jikoni. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Mmoja alinipa viazi na kisu. Mwingine aliniambia nikimaliza kuna viti vya kushusha, na Jumamosi ijayo nije mapema kwa sababu kuna vingine.

Jioni ile nilimpigia Simiyu, mimi mwenyewe, na haikuwa hata Jumapili. Nikamwambia awasimamishe wale wa mboga, nitakuwa najinunulia.

"Why, Dad? Kuna shida?" Maneno ya mwisho aliyasema kwa Kiswahili. Sijui kama mwenyewe aligundua.

"Hakuna shida," nikasema. "Bega tu linaniuma."

Liliuma hadi katikati ya wiki. Dawa ya kuchua ilikuwepo kabatini, imeletwa mlangoni na Simiyu. Sikuipaka.